Nukta Moja Kwenye Grafu: Kisa cha Aloi ya Kustahimili Kutu Iliyonyimwa Hataza

Ombi la hataza (haki ya kisheria ya pekee ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) nambari 455,964 liliwasilishwa katika Ofisi ya Hataza ya Marekani tarehe 29 Machi 1974. Wavumbuzi wake walikuwa watu wawili walioajiriwa na Titanium Metals Corporation of America, nao walikuwa wamekwisha kuihamishia kampuni hiyo haki zao. Walichotaka kilindwe ni aloi (metali ya mchanganyiko) ya titani yenye nikeli kidogo, na molibdeni iliyo kidogo kuliko hiyo nikeli, ambayo ilistahimili kutu hata ndani ya maji ya moto yenye chumvi kali. Miaka kumi na moja baadaye, Novemba 1985, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Shirikisho, ile inayosikiliza rufaa za hataza nchini humo, ilifunga shauri hilo kwa kuwanyima hataza, na kilichowaangusha katika madai yao mawili ya mwanzo (dai ni sentensi ya ombi inayotaja kinachotakiwa kulindwa) kilikuwa nukta moja iliyochorwa kwenye grafu ya makala mafupi ya Kirusi, makala ambayo hayakueleza lolote kuhusu ustahimilivu wa kutu.

Ninakichambua kisa hiki kwa ajili ya wale wanaoandika au kukagua maombi ya hataza ya metali zenye sifa za ziada, na hasa waya wa chuma uliopakwa tabaka la kuzuia kutu na kuua bakteria, kwa kuwa maombi ya namna hiyo yanaweza kukwama mahali palepale alipokwama mwombaji wa mwaka 1974. Jina la shauri ni Titanium Metals dhidi ya Banner, Banner akiwa Kamishna wa Hataza aliyeshtakiwa kwa wadhifa wake. Wanafunzi wa sheria ya hataza nchini Marekani hulisoma mapema, na mwongozo wa wakaguzi wa nchi hiyo hulitaja katika sura zinazohusu upya wa uvumbuzi, yaani sharti kwamba uwe haujawahi kujulikana.

Uvumbuzi wenyewe haukuwa mchezo. Titani hujikinga kwa utando mwembamba sana wa oksidi unaojijenga juu yake mara inapokutana na hewa au maji. Utando huo hudumu vizuri mahali ambapo maji yanatembea, lakini chini ya gasketi, ndani ya viungo vya mabomba na katika kila upenyo mwembamba ambamo maji husimama, hali hubadilika: oksijeni huisha, tindikali huongezeka, na maji yakiwa ya moto na yenye chumvi nyingi, utando huvunjika na metali huanza kuliwa kwa ndani bila mtu kuona. Dawa iliyojulikana ilikuwa kuongeza paladi, robo ya asilimia moja au chini ya hapo, lakini paladi ni metali ya thamani na hata kiasi hicho kidogo hupandisha bei ya mtambo mzima. Wavumbuzi wetu waligundua kwamba nikeli na molibdeni, metali za bei nafuu, zikichanganywa kwa vipimo fulani huipa titani ulinzi mkubwa katika mazingira hayo. Kwa mwenye kiwanda cha kemikali, ugunduzi huo ulikuwa na thamani ya fedha taslimu.

Tatizo lilianza pale ugunduzi ulipogeuzwa kuwa madai. Dai la kwanza lilielezea aloi ya titani yenye nikeli kuanzia takriban 0.6% hadi 0.9%, molibdeni kuanzia 0.2% hadi 0.4%, chuma kisichozidi 0.2%, na sehemu iliyobaki titani, kisha likaongeza kwamba aloi hiyo inatambulika kwa ustahimilivu mzuri wa kutu katika maji ya chumvi ya moto. Dai la pili lilikuwa lilelile ila chuma kilishushwa hadi kisichozidi 0.1%. Dai la tatu lilitaja vipimo kamili: nikeli 0.8%, molibdeni 0.3%, chuma kisichozidi 0.1%. Msomaji aangalie kwa makini kinachodaiwa hapa, kwa sababu uzito wote wa kisa umelala juu yake. Madai hayo hayasemi “njia ya kuzuia kutu katika mtambo wa maji ya chumvi kwa kutumia aloi fulani.” Yanasema “aloi.” Yanadai kitu chenyewe, popote kilipo na kwa matumizi yoyote.

Mkaguzi alipotafuta maarifa yaliyotangulia, yaani yaliyokwisha kuwekwa wazi kabla ya ombi, alikutana na makala yaliyochapishwa mwaka 1970 katika jarida la Kirusi la taaluma ya metali. Makala hayo yalihusu nguvu na tabia za kimakanika za aloi za titani, molibdeni na nikeli. Waandishi wake walikuwa wakichunguza jinsi aloi hizo zinavyobadilika kadiri vipimo vinavyobadilika, nao wakaweka matokeo yao katika grafu badala ya kuyaandika yote kwa maneno. Katika mojawapo ya grafu hizo, molibdeni na nikeli zilichanganywa kwa uwiano wa moja kwa tatu, na matokeo yalionyeshwa kwa nukta kadiri jumla ya metali hizo mbili ilivyoongezeka. Kwa hiyo anayetaka kujua ni aloi gani hasa zilizopimwa hawezi kusoma aya na kuridhika; inambidi achukue rula, aipime nukta kwenye mhimili, kisha afanye hesabu.

Hesabu hiyo ilifanywa, na hapa pana jambo ambalo kila mwandishi wa madai anapaswa kulikumbuka: ilifanywa na upande wa mwombaji mwenyewe. Hati ya kiapo iliyoletwa kuunga mkono ombi ilikiri kwamba nukta mojawapo inawakilisha aloi yenye molibdeni 0.25% na nikeli 0.75%, na nyingine inawakilisha molibdeni 0.31% na nikeli 0.94%. Nukta ya kwanza ina jumla ya asilimia moja kamili, ya pili asilimia moja na robo. Ukiirudisha nukta ya kwanza kwenye dai la kwanza, nikeli 0.75% imo kati ya 0.6% na 0.9%, na molibdeni 0.25% imo kati ya 0.2% na 0.4%. Chuma nacho hakikuokoa chochote, kwa sababu maneno “kisichozidi” hukubali pia sufuri. Aloi ya Warusi ilikaa katikati ya dai, si pembeni.

Mkaguzi alikataa madai yote matatu, na Bodi ya Rufaa ya ofisi ikamuunga mkono. Wakati huo sheria ya Marekani ilimruhusu mwombaji aliyekataliwa kumshtaki Kamishna katika mahakama ya Washington na kuleta huko ushahidi mpya, na kampuni ilitumia njia hiyo. Huko ikashinda. Jaji wa mahakama ya chini alivutwa na hoja ambayo kwa kweli inagusa moyo: Warusi hawakujua walichokuwa nacho. Walipima nguvu ya aloi, wakachora nukta, wakaendelea na kazi nyingine, wala hawakuandika kwamba aloi hiyo inastahimili kutu. Aliyeleta maarifa hayo duniani ni mwombaji. Inawezekanaje basi makala yasiyosema lolote kuhusu kutu yamnyime mtu matunda ya kugundua jinsi ya kuizuia kutu?

Hoja hiyo nimewahi kuisikia kwa sura nyingi, na kila mara huvutia kwa sababu inapima juhudi. Lakini dai la hataza halipimi juhudi. Jaji Giles Rich, aliyeandika hukumu ya rufaa, alikuwa mmoja wa watu wachache waliotunga Sheria ya Hataza ya Marekani ya mwaka 1952, na alilichukua suala hili kwa utaratibu wa mtu anayejua kila kifungu kiliwekwa kwa sababu gani. Swali lake la kwanza halikuwa “nani aligundua nini?” bali “dai linafunika nini?” Akaonyesha kwamba dai lolote linalotaja mipaka ya vipimo hufunika kila aloi iliyo ndani ya mipaka hiyo, na kwamba mojawapo ikiwa imekwisha kujulikana, dai zima linakosa upya. Haitoshi kusema kwamba aloi nyingine mia moja ndani ya mipaka ni mpya.

Vipi kuhusu maneno ya mwisho ya dai, yale ya ustahimilivu mzuri wa kutu? Rich hakuyapa nafasi ya kuokoa dai, na sababu yake ni ya kifizikia kama ilivyo ya kisheria. Aloi yenye nikeli 0.75% na molibdeni 0.25% ilistahimili kutu mwaka 1970 kama ilivyostahimili mwaka 1974. Haikungojea mtu aipime ndipo ianze. Sifa iliyomo ndani ya kitu ni sehemu ya kitu hicho hata kama hakuna aliyeitambua, na kuitaja katika dai hakubadilishi hata punje moja ya mchanganyiko. Bunge la Marekani, alieleza, halikuona inafaa kumruhusu mtu apewe hataza ya aloi ya zamani, iliyokwisha kujulikana kwa chapisho, kwa sababu tu amegundua kwamba haishiki kutu au ina sifa nyingine yenye manufaa.

Kuna kipimo cha zamani katika sheria ya Marekani ambacho hulifanya jambo hili lionekane wazi zaidi, nacho kilitamkwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1889: kile ambacho kingevunja hataza kama kingekuja baadaye, huuondolea uvumbuzi sifa ya upya kikitangulia. Tuchukulie kwamba hataza ingetolewa. Mtu yeyote nchini Marekani ambaye angetengeneza aloi ileile iliyomo katika makala ya mwaka 1970, kwa kufuata makala hayohayo, kwa ajili ya nguvu yake na si kwa ajili ya kutu, angekuwa mvunjaji wa hataza. Kilichokuwa huru kwa kila msomaji wa jarida kingekuwa kimefungiwa. Nadhani hapo ndipo huruma ya mahakama ya chini ilipokosea njia, kwa sababu ilimtazama mvumbuzi peke yake na haikumtazama mtu wa tatu ambaye tayari alikuwa na haki ya kuitumia aloi hiyo.

Mwombaji alijaribu pia kusema kwamba makala hayakumfundisha mtu jinsi ya kuitengeneza aloi. Hoja hii ilidondoka haraka. Shahidi mtaalamu wa upande wake, alipohojiwa na upande wa pili, alikubali kwamba kwa kusoma makala hayo tu angejua kuitengeneza kwa njia zisizopungua tatu. Isitoshe, ombi lenyewe halikueleza njia yoyote maalumu ya utengenezaji.

Dai la tatu lilihitaji fikra tofauti kidogo, kwa kuwa nikeli 0.8% na molibdeni 0.3% hazikulingana na nukta yoyote kwenye grafu. Dai hilo lilikuwa jipya kwa maana finyu ya neno. Lakini lilikaa katikati ya nukta mbili zilizojulikana, ile ya 0.75% na 0.25% na ile ya 0.94% na 0.31%, karibu nazo kiasi kwamba mtaalamu wa metali angetarajia aloi hizo zote ziwe na tabia moja. Katika hali kama hiyo mzigo humwangukia mwombaji: alete vipimo vinavyoonyesha kwamba aloi yake hufanya jambo ambalo zile mbili za pembeni hazifanyi. Havikuletwa. Dai la tatu likaanguka kwa kukosa hatua ya ubunifu, yaani kwa kuwa jambo ambalo mtaalamu wa kawaida angelifikia bila shida, na shauri likaisha.

Aloi yenyewe haikufa. Leo inauzwa duniani kote kwa jina la titani daraja la 12 katika viwango vya ASTM, shirika la kimataifa la viwango vya vifaa, na vipimo vyake vya kawaida ni molibdeni 0.3% na nikeli 0.8%, vilevile vilivyoandikwa katika dai la tatu. Inatumika katika mitambo ya kemikali na vifaa vya kubadilishana joto, mahali hasa ambapo wavumbuzi walisema ingefaa. Walikuwa sahihi kuhusu metali yao.

Je, hapakuwa na njia nyingine? Ninaamini ilikuwepo. Sheria ya mwaka 1952 inasema waziwazi kwamba neno “mchakato” linajumuisha matumizi mapya ya kitu kinachojulikana. Mwombaji angeweza kudai njia ya kupitisha maji ya moto ya chumvi ndani ya vifaa vilivyotengenezwa kwa aloi hiyo ili visiliwe na kutu, na makala ya Kirusi yasingegusa upya wa dai la namna hiyo, kwa kuwa hayakumwambia mtu yeyote aiweke aloi ndani ya maji ya chumvi. Dai la matumizi lina udhaifu wake: linamfunga mtumiaji kuliko muuzaji, na kumthibitisha mvunjaji ni kazi ngumu zaidi. Lakini lingeeleza kwa uaminifu kilichogunduliwa.

Ulaya ililitolea jambo hili jibu lake miaka minne baadaye. Katika uamuzi G 2/88 wa tarehe 11 Desemba 1989, Bodi Kuu ya Rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilishughulikia kiongezwa cha mafuta ya kulainishia mashine ambacho kilikuwa kimekwisha kujulikana kwa kuzuia kutu, na ambacho kampuni ya Mobil iligundua kwamba hupunguza pia msuguano. Bodi ilikubali kwamba dai la kukitumia kiongezwa hicho kwa lengo la kupunguza msuguano linaweza kuwa jipya, mradi lengo hilo halikuwahi kuwekwa wazi kwa umma, hata kama kila aliyekitumia dhidi ya kutu alikuwa akipunguza msuguano bila kujua. Kiongezwa chenyewe, kama kitu, kilibaki huru.

Sasa tuuchukue waya wa chuma. Tuseme mwombaji anadai waya wenye tabaka la zinki yenye aluminiamu 5%, “unaotambulika kwa kustahimili kutu na kuzuia bakteria,” kwa ajili ya rafu za majokofu, vitoroli vya hospitali au vizimba vya kuku. Kuchovya chuma ndani ya zinki iliyoyeyuka kulipewa hataza ya Mfaransa Stanislas Sorel mwaka 1837, na matabaka ya zinki yenye aluminiamu karibu 5% yamekuwa sokoni kwa miongo kadhaa, kwenye waya pia. Kwamba ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za zinki hudhoofisha bakteria ni jambo lililopimwa mara nyingi, lakini hata kama lisingepimwa kamwe, dai hilo lingeanguka kwa sababu ileile iliyoliangusha dai la kwanza la titani. Waya uliokwisha kuuzwa ulikuwa na sifa hiyo siku zote. Kwa mwombaji wa Nairobi hali haibadiliki, kwa kuwa Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 huhesabu kila kilichowekwa wazi kwa umma popote duniani, na grafu iliyochapishwa Moscow ina uzito sawa na tangazo lililobandikwa dukani.

Mambo huwa mazuri zaidi mwombaji anapoongeza fedha au shaba ndani ya tabaka, kwa sababu hapo mchanganyiko wenyewe hubadilika. Mkaguzi atatafuta kama mchanganyiko huo umewahi kuandikwa, na asiridhike na maneno ya makala. Atazame majedwali na michoro pia, aihesabu kila nukta. Akiukosa, atahamia kwenye hatua ya ubunifu, na hapo ndipo uvumbuzi wa kweli wa waya wa namna hii unapoweza kujitokeza, kwa maana malengo mawili ya waya huo yanavutana. Tabaka linaloua bakteria hufanya kazi kwa kuachia ayoni, ilhali tabaka linalozuia kutu linatakiwa lisipotee. Zaidi ya hayo, fedha na shaba zikigusana na zinki mahali penye unyevu huifanya zinki iishe upesi zaidi, kwa hiyo ulinzi wa chuma hupungua kadiri nguvu ya kuua bakteria inavyoongezwa. Mtaalamu wa kawaida angetarajia kupata kimoja na kupoteza kingine. Mwombaji aliyepata vyote viwili, na akaweza kuonyesha ni muundo gani wa tabaka uliomwezesha, ana jambo la kudai.

Lakini aonyeshe kwa vipimo vinavyofanana na kitu anachodai. Kipimo cha bakteria cha ISO 22196 hufanywa juu ya vipande bapa, kwa kawaida vya milimita 50 kwa 50, vikiwa vimefunikwa kwa karatasi ya plastiki na kuwekwa katika unyevu kwa saa 24. Waya ni wa mviringo, na mara nyingi huvutwa au kukunjwa baada ya kupakwa, jambo linaloweza kulipasua tabaka. Kipimo cha ukungu wa chumvi cha ISO 9227, chenye maji ya chumvi ya gramu 50 kwa lita na joto la nyuzi 35, kinaweza kufanywa juu ya waya wenyewe, na kifanywe baada ya kuukunja. Matokeo ya bamba yakiletwa kuunga mkono dai la waya, mkaguzi ana haki ya kuuliza kiungo kati ya hivyo viwili kiko wapi. Na ulinganisho ufanywe na waya wa karibu zaidi uliojulikana, kama ilivyopasa kufanywa kati ya aloi ya dai la tatu na nukta mbili zilizoizunguka, si na chuma kitupu ambacho kila mtu anajua kitashika kutu.

Kama mwombaji wa waya ana sifa mpya tu kwenye waya wa zamani, basi dai lake liandikwe kuwa njia: kuweka waya huo mahali maalumu, katika unyevu na joto vinavyotajwa, ili kupunguza bakteria waliotajwa kwa kiwango kilichopimwa. Litakuwa dai jembamba kuliko alilolitamani, naye bado atalazimika kueleza kwa nini mtaalamu anayezijua tabia za zinki asingelifikiria.